Simu Ishirini na Saba

Spea alikuwa amekuja kwenye jengo la vifaa vya kompyuta kununua vichwa vya waya wa intaneti, pakiti moja, dakika tano aende zake. Lakini foleni ya kaunta ya matengenezo ilikuwa imejikunja mara mbili na kuziba mlango, na kila aliyesimama ndani yake alikuwa na kisirani. Mmoja alishika simu iliyoingia maji, mwingine printa, mwingine televisheni ambayo aliapa kuwa imejipasua yenyewe. Katikati yao alisimama mwanamke mwenye koti jeupe na miwani ya fremu nyekundu, amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa taulo la buluu.

"Mtoto anaumwa nini?" Spea akamuuliza.

Mwanamke hakucheka. "Haamki tangu jana asubuhi."

"Ameonwa na nani?"

"Na jirani yangu. Amempiga makofi mawili ya ubavuni."

"Masikini. Na ndani yake kuna nini?"

Hapo uso wa mwanamke ukabadilika. "Macho ya watu elfu nne," akasema. "Nina duka la miwani. Kila niliyempima kwa miaka kumi na miwili yumo humu. Mtu akivunja miwani yake leo, namtafutia namba zake humu."

"Nakala umeweka wapi?"

"Nakala ya nini?"

Spea akafumba macho kama mtu aliyepewa taarifa ya ajali. Mafundi wenzake ndio waliompa jina hilo, Spea, kwa sababu hakutembea na kitu kimoja: alikuwa na kalamu mbili, tochi mbili, bisibisi mbili za kila namba, na kishada cha funguo kiunoni ambacho nusu yake zilikuwa funguo za akiba. Akamtoa yule mwanamke kwenye foleni, wakakaa kwenye ngazi za jengo, akaifungua ile kompyuta magotini. Kufikia saa nane mchana diski ilikuwa imezinduka, na macho ya watu elfu nne yakahamia kwenye diski nyingine aliyoitoa mfukoni.

"Unatembea na diski mfukoni?" mwanamke akauliza.

"Mbili. Kitu ukiwa nacho kimoja, Daktari, hesabu kwamba huna."

"Mimi si daktari, mimi ni mpima macho."

"Basi nipime. Tangu nikuone naona ukungu."

Safari hii alicheka. Spea akarudi nyumbani bila vichwa vya waya alivyofuata.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu: mbele kabati za vioo na fremu zilizopangwa, katikati kiti cha kupimia kikitazamana na ubao wa herufi ukutani, nyuma stoo yenye maboksi. Karakana ya kuchonga lenzi ilikuwa upande wa pili wa mji, nayo ilipokea oda kwa intaneti. Intaneti ikikatika, wachongaji walikaa wakatazamana. Spea alizunguka humo nusu siku na daftari lake, akatoka na mchoro.

"Seva moja hapa stoo, juu ya rafu ya chuma, isiguse sakafu," akaeleza. "Ya pili tutaipangisha kwenye kituo cha kutunzia seva kule mjini. Zitakuwa zinaandika sawasawa, neno kwa neno. Hii ikifa, ile inashika kazi. Na intaneti iwe laini mbili za kampuni mbili. Moja ya waya, ipite ukuta wa mbele. Nyingine ya dishi, ishuke kutoka paani kwa nyuma."

"Kwa nini zisipite tundu moja?"

"Panya mmoja atazikata zote."

"Huyu anatujengea duka au ngome?" ikasema sauti kutoka pembeni. Alikuwa mama yake Daktari, mwanzilishi wa duka, ameketi kwenye kiti cha wateja na mikono juu ya fimbo. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na alikuwa akisubiri zamu yake ya upasuaji. Alijitania mwenyewe kila siku: mwenye duka la miwani, haoni mlango. Mama huyo alimtambua Spea kwa mlio wa funguo, na kabla wiki mbili hazijaisha alikuwa ameshambatiza.

"Hodi ya funguo hiyo. Mkwe wangu amefika."

"Mama!" Daktari alilalamika.

"Nimesema nini? Mimi sioni, naropoka tu."

Mapenzi yao yalianzia juu ya dari. Spea alikuwa amelala kifudifudi kwenye mbao akisukuma waya, na Daktari amesimama kwenye ngazi akiuvuta huku akimulika tochi, vumbi limemjaa kwenye nywele na koti jeupe limegeuka rangi ya udongo.

"Vuta taratibu," Spea akasema.

"Navuta. Wewe unanitazama mimi au waya?"

"Waya nimeshauzoea."

"Fundi, ukianguka sitakudaka. Una kilo ngapi?"

"Nilishaanguka mara moja. Kwenye mnara, nikavunjika mguu." Akamalizia, kwa sababu gizani mtu husema ya moyoni. "Nilikuwa na mchumba wakati huo. Alihimili wiki tatu za wodini. Ya nne hakuja, na mpaka leo hajaja."

Tochi ikatulia. Daktari akanyoosha mkono akamfuta vumbi kwenye paji la uso, polepole, na Spea akajua kwamba amekwisha.

Mfumo ulipokamilika, Spea akaupa utani mmoja. Daktari hakuwa mtu wa meseji. Alishinda akiandika namba za lenzi na aliapa kwamba mwenye jambo apige simu asikike. Basi Spea akaifundisha seva kuandika kwa niaba yake. Kila siku saa moja kamili asubuhi, mashine ikishajikagua, ilituma ujumbe kwenye simu zao wawili: *Duka limeamka salama.* Spea aliusoma kila siku kitandani kana kwamba Daktari ndiye aliyeuandika.

Ugomvi wao wa kwanza ulitokea siku ya kukabidhi kazi. Duka lilikuwa limejaa, mteja mmoja yuko kwenye kiti, jicho moja kaliziba kwa kiganja. Spea akaingia stoo bila kusema neno, akachomoa waya wa umeme wa seva na waya wa intaneti kwa mpigo. Skrini ikaganda. Daktari akamtazama mteja, akatazama skrini, macho yakamtoka pima. Sekunde kumi na moja baadaye seva ya mjini ikashika kazi, namba zikarudi, na Spea akatoka stoo anatabasamu.

Daktari alimaliza kumpima yule mteja, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi. "Umefanya nini?"

"Nimejaribu. Sijawahi kumkabidhi mtu mfumo ambao sijauchomoa."

"Moyo umenisimama! Kwa nini hukuniambia?"

"Ukiambiwa unajiandaa. Jaribio la kuambiwa si jaribio."

"Nisikilize, Spea." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo badala ya fundi. "Mimi kazi yangu ni kupima watu kutwa nzima. Lakini namwambia mtu, kaa hapa, ziba jicho hili, tazama kule. Anajua anapimwa. Ukitaka kuchomoa kitu changu, uniambie kwanza. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Rudia."

"Nitakuambia kwanza, laazizi."

Akalishika neno lile, maana tangu hapo kila mwezi alipotaka kujaribu alipiga simu: kesho saa nne nachomoa. Daktari alisimama karibu na rafu akihesabu sekunde kwa sauti, na mama yake akishangilia zikifika tisa.

Ili simu zao zisiingiliane na za kazi, Spea akanunua laini mpya. Ile ya kazi ilipigwa na wateja wote wa mji. Hii ilikuwa ya mtu mmoja.

"Namba hii unayo wewe tu," alimwambia. "Wewe na lile duka lako."

"Nimekuwa na laini yangu?" Daktari akacheka. "Basi usiizime, maana nitapiga mpaka uchoke."

Na kweli alipiga. Alipiga kumwambia kwamba mteja amekalia miwani yake mara ya tatu. Alipiga kumuuliza amekula. Alipiga akanyamaza, na alipoulizwa kulikoni akasema, "Nasikiliza unavyohema, tatizo liko wapi?" Mwaka ukapita hivyo. Spea akanunua pete, akaiweka kwenye kiboksi cha vichwa vya waya, na wiki moja kabla ya kumpa, ule ugonjwa wake wa kujaribu kila kitu ukamrudia.

Alijiambia hivi: mwanamke huyu hajawahi kuniona nimeanguka. Ananipenda nikiwepo. Je, nikitoweka? Akakumbuka wodi, akakumbuka wiki ya nne, na kichwa chake kigumu kikampa dawa ile ile anayowapa wateja. Alikuwa na kazi ya siku saba kwenye mnara mmoja nje ya mji. Ataondoka bila kuaga. Laini zote mbili, ya Daktari na ya kazi, atazitoa kwenye simu. Siku saba tu, aone. Ile ahadi aliikumbuka, asidanganye mtu kwamba aliisahau. Alijiambia kwamba ilihusu mashine.

Akaondoka Jumapili. Kila siku saa mbili usiku, akiwa amekaa chini ya mnara na chakula chake, aliiweka ile laini kwenye simu kwa dakika moja na kampuni ya simu ikamwambia amepigiwa mara ngapi. Meseji ya seva nayo iliingia: duka limeamka salama. Roho yake ikatulia, maana kama duka ni salama, na wenyewe ni salama.

Jumatatu alipigiwa mara moja, na Jumanne mara tano. Akatabasamu. Jumatano tatu. Alhamisi kumi na moja, naye Spea, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, akainuka akacheza peke yake chini ya mnara. Kumi na moja! Yule wa zamani hakuwahi kumpigia mara kumi na moja kwa mwezi. Ijumaa simu saba. Akafungua kile kiboksi akaitazama pete.

Jumamosi hakupigiwa hata mara moja.

Duka limeamka salama, lakini Daktari hakupiga. Jumapili pia hakupiga. Spea akanuna. Akajisemea kwamba amekasirika, atapoa, na simu ishirini na saba kwa siku tano si haba. Mfumo umefaulu.

Jumatatu asubuhi alivaa shati jipya la rangi ya maziwa, akanyoa ndevu, akapiga kiatu rangi. Dukani alikuta mlango wa chuma umeshushwa nusu. Akainama akapita chini yake, funguo zikalia.

Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti cha kupimia, kile cha wateja, hana koti, hana miwani, amevaa gauni jeusi. Aliposikia funguo aliinua uso, na Spea akaona macho yamevimba mpaka yamekuwa madogo.

"Upo hai," Daktari akasema.

"Nipo. Laazizi, nini kimetokea?"

"Nilidhani umekufa. Laini zako zote mbili zilikuwa hazipatikani. Nimekwenda kwako mara mbili, nikakuta kufuli. Jirani akasema uliondoka na begi, unapiga mluzi. Sikutaka kumwamini."

Spea akatazama kile kiti cha pembeni. Fimbo ilikuwa imeegeshwa ukutani.

"Mama yuko wapi?"

"Tumemzika Jumamosi."

Akashika kabati ya vioo, fremu zikatikisika.

Daktari alisimulia bila kupandisha sauti, kama anamsomea mtu namba zake. Jumatatu hospitali ilipiga: mgonjwa mmoja ameahirisha, nafasi ipo kesho. "Nikakupigia nikwambie. Jumanne wakamfanyia jicho la kulia. Nikakupigia mara tano, nilikuwa na furaha nashindwa kukaa. Jumatano wakamtoa bandeji. Akanitazama, Spea. Akaniambia, kumbe umezeeka hivi. Tukacheka mpaka muuguzi akatufukuza. Halafu akasema, sasa mleteni yule wa funguo, nimwone sura kabla sijatoa baraka. Nikakupigia."

Spea akaitazama tena ile fimbo.

"Alhamisi asubuhi alianguka bafuni. Presha. Alikuwa bado anasema maneno machache, na moja lilikuwa wewe. Kila mlango ukifunguliwa anageuza shingo. Anaona, unaelewa? Baada ya miaka sita mama yangu anaona, anatazama mlango, na mlango hauna mtu. Nilikupigia mpaka vidole vikaniuma. Amefariki Ijumaa saa tisa alasiri." Akajifuta pua kwa kiganja. "Ulikuwa wapi?"

Angeweza kudanganya. Mtandao mbovu, simu imeibiwa. Angeaminiwa, na hata mimi ninayesimulia nisingemlaumu sana. Lakini Spea alidhani ukweli utamwokoa. Akapiga magoti kwenye sakafu, akatoa kiboksi, akasema yote: mnara, laini, siku saba, mchumba wa zamani, pete. "Nilitaka kuwa na hakika kabla sijakuoa. Ulifaulu, Daktari. Simu ishirini na saba."

Nyuma stoo feni ya seva ilisikika ikizunguka.

"Ulikuwa unazihesabu," Daktari akasema.

"Naam."

"Zile za Alhamisi pia ulizihesabu."

"Sikujua…"

"Ulifurahi?"

Spea akainamisha kichwa.

"Wewe una kalamu mbili," Daktari akasema. "Una tochi mbili. Macho ya wateja wangu umeyawekea seva mbili na intaneti mbili, panya asije akayakata. Mimi ulinipa namba moja. Ukaniambia ni mapenzi. Nami nikaipenda."

"Nipige. Nitukane. Lakini usiniache."

"Sina nguvu za kukupiga." Akasimama. "Uliniahidi utaniambia kwanza. Nilikuomba urudie, ukarudia. Inuka, unachafua suruali."

Dada mkubwa wa Spea, aliyemlea, alimsikiliza jioni hiyo mpaka mwisho, akakosa hata hamu ya kumgombeza. "Mwenzio si mashine," alisema tu, akaenda zake jikoni. Spea alimsikia akilia huko, ingawa hakuwahi kumwona mama yake Daktari.

Walionana tena baada ya siku arobaini na mbili. Daktari alimpigia kwenye laini ya kazi, kama wateja wengine wote. Alitaka akabidhiwe nywila zote na maelezo ya mfumo yaandikwe kwenye daftari, fundi mwingine aweze kuushika. "Ulinifundisha mwenyewe kwamba kitu kisisimame juu ya kimoja," alisema. "Nimetazama nikaona kila kitu humu kimesimama juu yako."

Spea alikaa stoo kutwa nzima akiandika. Alichora waya unapopita, akaandika namba za kampuni zote mbili, akaandika betri ibadilishwe lini. Aliandika vizuri kuliko alivyowahi kumwandikia mtu yeyote, herufi kubwa kubwa, kwa sababu ile ilikuwa ndiyo barua yake ya mapenzi na hakuwa na nyingine. Saa kumi Daktari akaingia, koti jeupe, miwani ya fremu nyekundu.

"Nitachomoa sasa," akasema. "Nakuambia kwanza."

Akachomoa. Wakahesabu kimoyomoyo, kila mtu peke yake. Kule mbele mteja alikuwa akichagua fremu na hakuhisi chochote. Sekunde tisa.

"Inafanya kazi," Spea akasema.

"Umeijenga vizuri. Hilo sitakunyima."

"Na sisi, Daktari?"

Alirudisha waya kwanza, akausukuma mpaka ukakaa. "Kuna siku nakukumbuka mpaka tumbo linauma. Sikudanganyi. Lakini kila nikiiona namba yako naiona ile Alhamisi, na mama amegeuza shingo. Sijui niolewe nawe vipi na hiyo picha. Meseji ya asubuhi bado inakuja kwako. Mwisho wa mwaka nitaitoa namba yako. Nakuambia mapema, usije ukashtuka."

Akakubali kwa kichwa. Kutoka siku hiyo simu yake ilikuwa na laini zote mbili, chaja mbili, betri ya akiba begini, na haikuzimwa hata akiwa kanisani wala hospitalini. Laini ya Daktari haikulia tena. Lakini saa moja kamili asubuhi ilitikisika: *Duka limeamka salama.* Aliamka saa kumi na mbili na nusu kuisubiri. Mwaka ulipoelekea mwisho hakutazama kalenda. Ukaisha, meseji ikaendelea kuja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Spea, mpumbavu wa watu, akaanza kuwaza kwamba huenda Daktari amelegea.

Siku ya nne saa moja ilipita. Saa moja na dakika tano. Saa moja na robo.

Seva imekufa. Zote mbili zimekufa, laini zote mbili zimekatika, kuna moto. Spea alitoka na malapa, begi la vifaa begani, shati hajafunga vifungo, akakimbia mitaa sita bila kusalimia mtu. Alifika dukani anahema, akasukuma mlango.

Taa za rafu ya stoo zilikuwa za kijani, zote. Mzee mmoja alikuwa kwenye kiti cha kupimia, jicho moja kaliziba kwa kiganja. Daktari alisimama karibu na ubao wa herufi na kijiti mkononi. Aligeuka kwa mlio wa funguo, akaona malapa, akaona begi, akaona vifungo, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa ule wa kwenye ngazi, chini ya dari, na tochi.

"Haijaja," Spea akasema. "Meseji. Nilidhani…"

"Imekuja. Saa moja kamili, imenifikia." Akashusha kijiti. "Nilichelewa siku tatu. Nilishindwa kubonyeza. Jana nimeweza."

"Uliniambia lakini."

"Nilikuambia."

Yule mzee alikuwa angali ameziba jicho, anasubiri kwa adabu. "Niendelee kuziba, binti?"

"Endelea, baba. Samahani." Daktari akaugeukia ubao. Akaweka kijiti kwenye mstari. "Hii nisomee."

Spea akafunga mlango taratibu, usije ukagonga. Nje maduka yalikuwa yanafunguliwa na watu wanamwaga maji mbele ya milango yao. Akasimama pale akafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, halafu akatoa simu akaitazama. Chaji ilikuwa imejaa, na laini zote mbili zilikuwa hewani.